Mwewe wa Alhamisi na Kamba ya Tatu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wahesabu Ndege Wahamao.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUFUNGWA KWA KITUO NAMBA TISA KILICHO JUU YA PAA LANGU, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE YALIYOKUWA YAKISUBIRI NAFASI

Pokea salamu kutoka kwa mtu usiyemjua, ingawa paa lake unalijua vizuri kuliko yeye mwenyewe. Mimi ni dobi. Kazi hii naifanya mwaka wa ishirini na mbili sasa: chini nafulia, ghorofa ya kwanza napiga pasi, ya pili tunaishi, na juu kabisa naanika. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Chama chako kilipopanda ngazi zangu kikiwa na darubini moja, daftari moja na kofia ya kijani.

Barua yako ya Jumatatu nimeipata. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama mimi mwenye paa naridhika Kituo Namba Tisa kiendelee kuwapo. La pili, kama kwa maoni yangu mhesabu wa kituo hicho, yaani mama mkwe wangu, bado ana huo mnaouita umakini unaotakiwa, kwa sababu Alhamisi iliyopita ameandika sifuri, wakati Kituo Namba Nane na Kituo Namba Kumi, vinavyopakana naye kushoto na kulia, kila kimoja kiliona mwewe zaidi ya elfu mbili. Umesema Kamati itakaa Jumamosi, na kwamba pasipo maelezo ya kuridhisha kituo kitafungwa na mama ataandikiwa barua ya shukrani.

Mwenyekiti, fungeni. Kama ni suala la kufuli, ninalo.

Sababu zangu nitazieleza kwa namba, kama mama mwenyewe anavyotutaka tufanye tukiwa na malalamiko hapa nyumbani. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu, na hajastaafu isipokuwa kwenye makaratasi. Nikikosea mahali unisamehe, maana barua hii naiandika kwa kujificha kwenye chumba cha pasi. Kwa kawaida kila kinachoandikwa humu ndani kinapita kwake na kurudi na wino mwekundu, hata orodha ya sabuni.

1. Kuhusu jua.

Paa langu lina kamba sita. Ya kwanza na ya pili zimezibwa na tangi la maji, jua zinalisikia tu. Ya nne hadi ya sita zinapigwa na moshi wa mwoka mikate jirani, na shati likianikwa huko linashuka likinukia mkate. Wapo wateja wanaolipenda jambo hilo, mimi silipendi. Kamba ya tatu ndiyo kamba. Jua lake linaanza saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mashuka ya nyumba ya wageni, mazito kama yalivyo, yanakauka kwa saa mbili. Sasa wewe kisia mama alichagua kamba ipi.

Hakuniomba. Alinitaarifu. Nilikuwa mezani na tonge mkononi, akaniambia, "Baba, ile kamba ya tatu kuanzia leo ni ya Chama." Mwenyekiti, mtu akiwa mbele ya mkwe wake ana majibu mawili tu duniani: "Ndiyo, mama" na "Sawa, mama." Niliyatumia yote mawili, na tonge likapoa.

2. Kuhusu vibanio.

Huenda hujui jinsi mhesabu wako anavyohesabu. Mwewe wakija kwa wingi, anasema, ukishusha jicho uandike umeshakosa thelathini. Kwa hiyo jicho linabaki juu na mkono ndio unaofanya kazi. Miguuni ana ndoo ya vibanio vya nguo. Wakipita kumi, anabana kibanio kimoja cha mti kwenye kamba ya tatu. Akipita mmoja, anabana cha plastiki. Vya plastiki vikitimia kumi anavitoa, anaweka kimoja cha mti. Jioni anatembea na kamba yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, anahesabu, anaandika kwenye daftari, ndipo anavirudisha ndooni. Njia hiyo ni nzuri, siipingi.

Ila vibanio ni vyangu! Mia tatu vya mti na hamsini vya plastiki, vimeondoka kwenye debe langu siku moja kama watu waliohamishwa kikazi. Na vibanio kwangu si mchezo. Kila jioni, vikishuka kutoka paani, vinahesabiwa kimoja kimoja kuingia kwenye debe, na idadi naiandika kwa chaki kwenye ubao ulio nyuma ya mlango wa stoo. Ubao haufutwi mpaka mwezi uishe. Vikipungua najua, vikizidi najua, na kwa miaka yote hiyo ubao haujawahi kunidanganya hata kwa kibanio kimoja. Nalitaja hili kwa sababu moja tu, nalo ni kwamba anayekuandikia si mgeni kwenye mambo ya hesabu.

3. Kuhusu usafi wa wanachama wenu.

Mwewe, kusema haki, hawana neno. Wako juu mno, na wanaonekana watu wenye shughuli zao. Shida ni korongo. Wiki mbili zilizopita kundi la korongo lilipita chini chini, na mmoja wao akaacha salamu zake kwenye shati jeupe la bwana harusi, begani, siku moja kabla ya shughuli. Nilipiga kelele. Mama akaja mbio, akalishika shati, akalitazama kwa makini, nikadhani anataka kunipa pole. Akasema, "Korongo. Wamewahi mwaka huu." Akaandika. Shati nikalifua mara tatu.

Ng'ambo ya barabara yuko dobi wa mashine. Hana kamba hata moja. Nguo anazikausha ndani ya pipa la umeme, na paa lake liko tupu, halina kazi yoyote. Naomba Kamati inieleze, kwa maandishi, ni kwa nini ndege hawapitishwi huko.

4. Kuhusu wafanyakazi.

Ninaye mpiga pasi mmoja, mtu mzima na mwenye familia, tunayemwita Mvuke. Kabla ya Chama chenu Mvuke alikuwa haangalii kitu chochote isipokuwa mkunjo wa suruali. Sasa pasi ameihamishia karibu na dirisha. Mama akipiga kelele kule juu, "Kipanga!" Mvuke naye huku chini shingo nje. Tarehe sita kipanga mmoja alipita, akaondoka na suruali ya karani wa posta. Sisemi aliibeba, nasema iliungua. Nilipomgombeza Mvuke aliniambia, bila hata haya, "Bosi, lakini huyu wa leo alikuwa na mkia wenye mistari."

Wateja nao wameharibika. Zamani mteja alikuwa anakuja, anaweka fungu, anaondoka. Siku hizi anakuja, anaweka fungu, anauliza, "Mwalimu leo amefikisha wangapi?" kisha anasimama barabarani na mdomo wazi akitazama mawingu. Mwendesha pikipiki mmoja nusura amzoe fundi viatu wetu. Fundi viatu hakukasirika. Alikuwa bado anatazama juu.

(Mwenyekiti, hapa nimekatishwa na mteja wa mapazia. Nimerudi. Mama bado yuko chumbani kwake.)

5. Kuhusu amani ya nyumba.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo maji yaliponifika shingoni.

Baba mkwe wangu alifariki miezi saba iliyopita, na mama akaja kukaa nasi. Nataka niseme wazi: alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Alifika na sanduku moja, akachagua kiti kilicho karibu na kabati, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa. Hakusema, hakuagiza, hakukosoa. Chakula alikuwa anakila kijiko kimoja viwili, sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mke wangu alikuwa anazungumza naye kwa upole mpaka sauti inamkauka, na mama anaitikia "Eeh" baada ya muda mrefu, kama mtu anayejibu kutoka chumba kingine. Wakwe wangapi wanapata mkwe mtulivu namna hiyo? Marafiki walinionea wivu. Mke wangu alikuwa akilia bafuni na bomba limefunguliwa, lakini hilo nalo halikuwa na kelele.

Kisha vuli ikaingia, na asubuhi moja mke wangu akampandisha paani apigwe na jua kidogo. Nilikuwa naanika. Mama alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, hana hili wala lile, anatazama miguu yake. Halafu kivuli kikapita juu ya shuka. Akainua kichwa. Akapita wa pili, wa tatu, kisha wakaja kama arobaini, wanazunguka bila kupiga mbawa, mmoja anafuata mgongo wa mwenzake. Mama akasimama. Akanyoosha kidole na kusema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya harusi yangu, "Mstari mmoja! Mstari mmoja, msisukumane!"

Wiki hiyo hiyo akawaandikia kuomba kituo, na tangu hapo, Mwenyekiti, sijapumzika. Chakula anakula mpaka anaongeza. Asubuhi anagonga mlango wetu kwa rula. Amegundua kwamba nguo zangu nazikunja vibaya, kwamba chumvi imezidi, kwamba Mvuke hajui mahali pa kuweka nukta. Mezani lazima kila mtu atoe taarifa ya alichokiona siku hiyo angani, na ukisema hukuona kitu unaulizwa ulikuwa unatazama wapi. Mke wangu ameanza kuimba akiosha vyombo. Anaimba vibaya, na nyimbo zenyewe ni tatu tu. Siku moja nilimkuta yeye na mama yake wamekaa paani, wamejifunika shuka moja la mteja, wanacheka hadi wanashikana, na nilipouliza kuna nini wakanitazama wakaanza upya.

Nakuuliza, nyumba gani hiyo?

6. Kuhusu ndege wenyewe.

Nimefikiri sana nikiwa kwenye beseni, na nimefika mahali ambapo naona kosa si la mama wala si lenu peke yenu. Kosa ni la kuhama. Kama kila ndege angekaa kwao, hakuna ambaye angehesabiwa, kamba yangu ingekuwa na mashuka, na suruali ya karani ingekuwa na miguu yote miwili. Hawa viumbe wanapita juu ya nyumba za watu bila kubisha hodi, hawatui, hawaagi, na hata hawajui kwamba huku chini kuna mtu amesimama tangu asubuhi kwa ajili yao. Mama anasema watarudi miezi ya joto ikiisha. Nani amewaahidi? Kuna barua? Kuna sahihi? Mtu mzima anatundika roho yake kwa kiumbe ambaye hana anwani!

Kwa hiyo naomba mkutano wenu mkuu upitishe azimio la kuzuia kuhama. Likishindikana, basi wahame wakati wa mvua kubwa, ambapo paa halina kazi.

Naongeza kwamba mimi mwenyewe nimeathirika. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dawa, nikajikuta nimekaza macho kwenye dari. Mhudumu alinigusa bega akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nilikuwa natafuta mwewe ndani ya jengo.

7. Kuhusu Alhamisi.

Nilitaka kuliruka jambo hili, lakini umeliuliza.

Alhamisi walipita wengi. Mama alisimama kuanzia saa mbili asubuhi na akakataa kukaa. Chai akanywea kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kazini. Kufikia saa tisa kamba ya tatu ilikuwa imejaa vibanio kama meno ya kitana, na yeye anacheka peke yake. Saa kumi kizunguzungu kikamshika kwa sababu ya jua. Mke wangu akamshusha, akampa maji, akamlaza. Alisema hesabu ataifanya asubuhi, kamba haina miguu, haitakwenda popote. Akalala usingizi mzito.

Mnamo saa kumi na moja wingu lilitanda, upepo ukaanza, na kwa mujibu wa taratibu za kazi yetu nguo zilianuliwa.

Ijumaa asubuhi kamba ya tatu ilikutwa tupu. Nasema "ilikutwa," na naiomba Kamati iridhike na neno hilo. Mama aliipapasa kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudi kutoka mwisho mpaka mwanzo. Aliuliza. Alijibiwa. Akashuka, akafungua daftari na kuandika sifuri kwa wino mwekundu. Mke wangu alimsihi akadirie, aandike hata elfu moja tu, nani atajua? Akasema mwalimu habuni alama.

Tangu siku hiyo, Mwenyekiti, naomba nikuthibitishie kwamba utulivu umerudi. Kiti kimerudi karibu na kabati na kimeelekea ukutani. Darubini imo kwenye mfuko wake, kamba za mfuko zimefungwa mafundo mawili. Sahani zinarudi jikoni zimejaa. Mezani hatutoi tena taarifa, tunasikia vijiko. Jumapili nilipita mlangoni nikamsikia akimwuliza mke wangu, pole pole, "Mwanangu, niambie kweli. Nimeanza kupotea? Maana niliwaona. Au nilitaka tu kuwaona?" Na barua yako ilipofika Jumatatu mama akaisoma, akaikunja vizuri kuliko mimi ninavyokunja, akasema mna haki, umri umemfikia, mhesabu asiyejiamini hafai.

Basi ndiyo hayo. Mhesabu mwenyewe amekubali, mwenye paa amekubali, vibanio viko kwenye debe. Sioni kwa nini Kamati ijisumbue zaidi.

Kwa muhtasari naomba yafuatayo:

(a) Kituo Namba Tisa kifungwe Jumamosi hiyo hiyo.
(b) Kamba ya tatu irudishwe rasmi kwa mashuka.
(c) Ndege wapitishwe kwa dobi wa mashine.
(d) Mvuke aandikiwe barua ya onyo na Chama, kwa kuwa mimi hanisikilizi.
(e) Mama asiambiwe kwamba barua hii imeandikwa na mimi.

Nisalimie Katibu mwenye mwandiko mzuri. Nisalimie wanakamati wote, na wake zao na waume zao wanaowavumilia. Nisalimie mhesabu wa Namba Nane na mhesabu wa Namba Kumi. Kwao kamba, kama wanazo, hazina dobi. Mwoka mikate anakusalimu, fundi viatu anakusalimu, Mvuke anakusalimu na anauliza yule mwenye mkia wa mistari jina lake ni nani hasa.

Ni mimi ninayewatakia anga tupu na jua la kutosha,

Dobi wa kamba sita (kwa sasa tano).

Nyongeza:

Mwenyekiti, barua hii niliifunga jana Jumatano. Leo nimeifungua kwa mvuke wa pasi, kazi ninayoiweza, kwa sababu ya jambo lililotokea asubuhi.

Nilikuwa paani naanika mashuka ya nyumba ya wageni. Kwenye kamba ya tatu, ndiyo, maana sasa ni yangu. Kivuli kikapita juu ya shuka. Nikainua kichwa. Alikuwa mmoja tu, mwewe, amechelewa wenzake kwa wiki nzima, anapiga mbawa kwa haraka kama mtu aliyeachwa na gari. Na kabla sijajua ninafanya nini nimeshapiga kelele, "Mama! Mama, njoo! Yupo mmoja!" Mkono wangu ulikuwa umeshabana kibanio cha plastiki.

Hakuna aliyeitika. Nikakitazama kile kibanio.

Vibanio vya Alhamisi nilivianua mimi. Wingu lilikuja, mashuka arobaini ya watu yako juu, nikapanda mbio, na mkono wa dobi ukishashika kamba hauulizi ni kamba ya nani. Nilianua ya kwanza, nikaanua ya pili, nikaanua ya tatu iliyokuwa haina hata leso. Nilianua mwewe wa Chama chote nikawatia kwenye debe. Nimekuja kugundua nikiwa chini, ninahesabu kama kawaida yangu, nikaona idadi imezidi. Asubuhi mama aliponiuliza, "Baba, kuna mtu ameigusa kamba yangu?" nikamjibu, "Mama, kamba ile nani aiguse?" Nilijiambia kwamba nimejibu kwa swali, na swali si uongo. Siku sita nimekaa na swali hilo, nikimwacha mama wa watu aamini kwamba akili inamtoka, kwa sababu niliona haya mbele ya mkwe. Haya gani hiyo?

Nikashuka, nikafungua mlango wa stoo, nikatazama ubao. Alhamisi iko pale pale kwa chaki, mwandiko wangu: "Ziada: mti 213, plastiki 7." Nikaung'oa ubao pamoja na misumari yake, nikaupeleka chumbani kwa mama, nikapiga goti mbele ya kile kiti. Nikamweleza yote. Mke wangu alikuwa mlangoni. Jinsi alivyonitazama tutazungumza siku nyingine.

Mama hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliushika ubao, akapitisha kidole kwenye namba bila kuigusa chaki, akasema, "Elfu mbili mia moja thelathini na saba." Kisha akasema, "Kumbe niliwaona." Akarudia hivyo hivyo mara tatu, akalia, na mke wangu naye akaja kulia, na mimi pia sikubaki nyuma.

Alipomaliza akaniuliza kule juu nilikuwa napigia kelele nini. Nikamwambia. Akasimama, akakigeuza kiti mwenyewe, akaomba darubini, na alipokuwa anahangaika na yale mafundo mawili akaniambia nilete na hiyo barua niliyoificha chumba cha pasi. Kumbe alijua tangu Jumanne. Ameisoma yote. Ameipa kumi na moja kwa ishirini. Amesema malalamiko namba sita hayana ushahidi, namba tano yamejaa uongo ila yameandikwa vizuri, na namba saba nirudie.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, yote yaliyo juu ya nyongeza hii naomba uyafute, isipokuwa lile la dobi wa mashine, ambalo mkipata nafasi mlifikirie. Kituo kisifungwe. Mhesabu wenu ni mzima kuliko sisi sote. Ubao nauambatanisha kama ushahidi, Mvuke ataubeba kwa mikono miwili, na tafadhali Kamati isiupanguse. Kamba ya tatu ni ya Chama, na jana nilipojiita wa kamba tano nilikuwa nimesema kweli.

Alhamisi iliyopita andikeni 2,137. Leo andikeni mmoja. Mama amesisitiza aandikwe vizuri kwenye daftari lenu kama alivyoandikwa kwenye lake: amehudhuria, amechelewa, asamehewe.